Faili la Malagarasi

Katika miaka sita tuliyokaa jengo moja kule Newburg, mtaa wa Louisville, sikumsikia Katekista akilitamka neno risasi mbele ya watoto. Alisema "vitu vyangu." Siku ya kuvitengeneza alibandika karatasi mlangoni, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: NAPIMA. Watoto wa jengo zima walijua maana yake. Hata wale ambao kwa wazazi wao hujibu Kiingereza tu, walipita mlango ule kwa ncha za vidole.

Amefariki mwezi uliopita huko Buffalo. Kanisani Louisville wameshaanza kumsimulia kama mtakatifu, na mimi wananitaja kama binti yule Mrundi aliyekuwa akimsaidia kwa moyo. Nimeona niandike alivyokuwa kweli, kwa sababu hakuwa mtakatifu, na msaada wangu ulimgharimu jicho.

Tulimwita Katekista kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya Kongo, akaifanya kambini, na akaendelea nayo Amerika Jumapili alasiri, akiwafundisha watoto sala kwa Kiswahili ambacho hawakukielewa vizuri. Siku nyingine zote alikuwa kwenye kiwanda cha vipuri vya magari. Alikaa chini ya taa kali, akigeuza vyuma mkononi kimoja kimoja, akitafuta ufa. Wenzake walitumia kioo cha kukuzia. Yeye alitumia macho yake, na kila mwezi alisifiwa. Jambo hilo lilimfurahisha kuliko alivyokubali kuonyesha.

Kiwandani ndiko alikoanzia uwindaji. Mzee mmoja Mmarekani aliyekaa meza ya jirani alimchukua shambani kwake, akamfundisha kuvizia kulungu, na alipostaafu akamwachia bunduki yake pamoja na mashine ya mkono ya kujazia risasi. Watu wengi hawajui kwamba wawindaji wengine hawanunui risasi zilizo tayari. Wanaokota maganda yaliyotumika, wanayasafisha, wanaweka fataki mpya ya kuwashia baruti, wanapima baruti kwenye mizani ndogo kama ya sonara, kisha wanabana kichwa cha risasi juu. Bunduki yake ilitumia aina ile ambayo wao huita thati-oti-siksi. Katekista alipenda kulitaja jina hilo, ndiyo maneno pekee ya Kiingereza aliyoyatamka bila kusita.

Nilimjua siku aliponigongea mlango akiwa na kompyuta aliyoifunga kwa kitenge kama mtu aliyebeba mtoto.

"Mama, banasema weye unasoma Kingereza," alisema. "Donc, hii mashine inanisemesha na mi simusikie."

Ndani yake kulikuwa na programu ya kukokotoa mwendo wa risasi. Unaiambia ganda lina nafasi kiasi gani, kichwa cha risasi kina uzito gani, baruti ni ya aina gani na kiasi gani. Nayo inakuambia shinikizo litakalojaa ndani ya bunduki, risasi itatoka na kasi gani, itashuka kiasi gani ikifika mbali, upepo utaisukuma wapi. Ukiipa mchanganyiko wa pili na wa tatu, inachora mistari yote pamoja, kila mmoja na rangi yake, ili ulinganishe. Namba alizijua kuliko mimi. Maneno ndiyo yaliyomshinda. Kwa hiyo karibu kila Jumamosi, baada ya kufua, nilishuka kwake. Nikasoma, yeye akaamua.

Kila mchanganyiko ulihitaji jina la kuhifadhia, naye aliipa majina ya mito. Ruzizi ulikuwa wa kasi na wenye kishindo, ukipiga bega mpaka likavilia. Lukuga ulikuwa mpole, risasi ikishuka mapema lakini ikitua palepale kila mara. Aliupenda Lukuga. Wawindaji wengine, aliniambia, wanatafuta kasi tu ili wakajisifu. Yeye alitafuta iliyotosha kumwangusha mnyama papo hapo, basi.

"Nyama haijanikosea kitu," alisema. "Mbona iteseke?"

Alikuwa mkali mezani. Simu zizimwe. Chai ikae kwenye kiti kingine. Kila programu ilipofunguka lilitokea dirisha la onyo, maneno mengi ya Kiingereza yasemayo kwamba hesabu hizi ni za kukisia na lazima uzilinganishe na kitabu cha vipimo kilichochapishwa kabla ya kujaza chochote. Alinitaka nilisome lote, kila Jumamosi, kwa sauti, nikitafsiri. Nikimwambia nimeshalikariri, alikunja mikono.

"Bon. Soma kama hujalikariri."

Tukimaliza, alifungua kitabu chenyewe, akapitisha kidole kwenye jedwali. Programu na kitabu vikikubaliana, aliandika kwenye daftari. Visipokubaliana, alifuata kitabu.

Lakini mtu huyohuyo aliyepima baruti kwa pumzi iliyobanwa alikuwa mvurugaji wa kila kitu kingine. Alichelewa misa aliyotakiwa kuiongoza mwenyewe. Aliendesha gari taa ya mafuta ikiwaka mpaka gari likazimika barabarani, mara mbili kwa wiki moja. Chumvi aliitupia kwenye sufuria kama mtu anayefukuza kuku, na binti yake Furaha, ambaye wakati ule alikuwa akisoma unesi, alikataa kula alichopika. Alikuwa na hasira pia. Aliwahi kumfukuza mtoto darasani kwa kucheka wakati wa sala, kisha akazunguka maegesho nusu saa akimtafuta amwombe radhi.

Nyama aliigawa. Msimu wa Novemba alirudi na kulungu mmoja, mara chache wawili. Akamkata kwenye meza ya plastiki nyuma ya jengo, na vifurushi vikapanda ngazi: kwa wajane kwanza, kisha wenye watoto wengi, kisha kwangu. Wasomali wa ghorofa ya juu hawakula kwa kuwa mnyama hakuchinjwa wanavyotaka. Ili asiwapite mikono mitupu, aliwapelekea vitumbua vya dukani.

Na aliogopa milio. Hili lilinisumbua muda mrefu. Tarehe nne ya Julai, Wamarekani wakirusha fataki, aliingia bafuni, akakaa ndani ya beseni la kuogea na nguo zake zote, mto kichwani, redio ikiimba nyimbo za kanisa, mpaka waishe. Kesho yake angeweza kwenda shambani kwa yule mzee akapiga risasi ishirini bila kupepesa. Mwaka mmoja nilimuuliza anawezaje.

Alikuwa anafuta maganda kwa kitambaa. Hakuacha kufuta.

"Ile ya kule, sikujua inatoka wapi, sikujua inaenda wapi," alisema. "Hii minaijua yote. Penye inaanza, penye inalala."

Kisha akaniambia kuhusu mkewe. Alikuwa uani akianika mihogo. Watu walikuwa wakipigana ng'ambo ya kilima, mbali, hata hawakuonekana. Risasi moja ilivuka kilima, ikamkuta. "Haikuwa yake," alisema. "Haikuwa ya mutu yeyote." Alinieleza mara hiyo moja tu, na mimi sikuuliza tena. Lakini toka siku hiyo nilipomwona ameinamia ile mistari ya rangi, akifuata kwa kidole mahali risasi inapoanza kushuka, sikumwona tena kama mtu mwenye mchezo wake wa wikiendi.

Sasa nije kwenye Malagarasi.

Mwaka ule wa sita, baruti aliyoizoea iliadimika madukani. Baada ya kutafuta miezi, akapata kopo la aina nyingine. Jina lake lilikuwa namba kadhaa na herufi moja mwishoni. Alifurahi. Alisema mchanganyiko mpya utakuwa na jina la kwetu, mto ulio jirani na kambi nilikokulia Tanzania.

"Hii ni ya kwako," alisema. "Andika Malagarasi."

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nimetoka zamu ya saa kumi mfululizo kwenye ghala nililofanyia kazi, na kichwani nilikuwa na jambo ambalo sikumwambia: nimepata usaili wa kazi Columbus, Jumamosi inayofuata, na nikiipata nahama. Nilimdanganya kwamba Jumamosi hiyo nina zamu. Simu yangu haikuwa imezimwa. Ilikuwa mapajani, nikisubiri ujumbe wa rafiki aliyekuwa ananitafutia chumba Whitehall, kulekule Columbus.

Dirisha la onyo lilipofunguka, nilibofya likapotea. Aliona. Aliniachia, nadhani kwa sababu aliniona nimechoka.

Akiwa upande wa pili wa meza, kopo mkononi, alinisomea jina. Namba kwanza. Kisha herufi. Alisema, "Jé."

Katekista alisoma shule ya Kifaransa. Kwa Kifaransa, jé ni G. Mimi nilisoma shule ya Kiswahili kambini, na kwetu je ni J. Nilijua kwamba anataja herufi hivyo. Jumamosi zote za nyuma nilinyoosha mkono, nikachukua kopo, nikaangalia mwenyewe. Siku hiyo sikunyoosha mkono. Kwenye orodha yalikuwepo majina yote mawili, moja chini ya jingine, nikachagua lenye J.

Ilikuwa baruti inayoungua polepole zaidi kuliko ile iliyokuwa kwenye kopo. Kwa hiyo programu ikaonyesha shinikizo liko chini mno. Katekista akaniambia niongeze kidogo. Kisha kidogo tena. Mstari ukapanda mpaka ukakaa karibu na Lukuga, akatabasamu.

"Ona," alisema. "Mto yako iko na adabu."

Ujumbe wangu ukaingia. Niliinuka, nikamwambia nina haraka. Sikumwona akifungua kitabu, lakini sikubaki kuona.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Columbus, nimevaa shati la kuazima, naulizwa kama naweza kunyanyua mizigo mizito. Nilipotoka nikakuta Furaha amenipigia mara tisa.

Yule mzee wa shambani alieleza baadaye. Risasi ya kwanza ilipiga. Ya pili ilipiga, lakini mkono wa kufungulia bunduki ukawa mgumu, na Katekista akaandika neno hilo daftarini: ngumu. Mtu yeyote mwenye kazi hiyo anajua kwamba hapo ndipo pa kuacha. Yeye mwenyewe alishawaambia hivyo vijana wengi. Akatazama karatasi yenye mstari tulioupiga chapa, akaitazama tena, akapiga ya tatu. Ganda lilipasuka ndani. Miwani ya kinga alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso kwa sababu ilikuwa imeingia ukungu wa baridi.

Niliendesha kurudi Louisville bila kusimama. Hospitali hawakuniruhusu kumwona, Furaha akanipa ufunguo wa nyumba nikamletee nguo na rozari. Kopo lilikuwa mezani. Nililigeuza, nikaona G.

Nilikaa. Nikafungua kompyuta, nikafungua Malagarasi, nikaona J.

Hapa ndipo panaponiumiza, zaidi ya ile Jumamosi ya kwanza. Ile ilikuwa uchovu na uzembe. Hii niliifanya na akili zangu zote. Nililifuta faili lile. Nikahakikisha halipo. Nikafunga kompyuta, nikachukua pajama zake na rozari, nikarudi hospitali.

Jicho la kulia halikuokolewa. La kushoto lilibaki, lakini tayari lilikuwa limeanza kuwa na ukungu wa kisukari. Kiwandani wakamwambia kwa upole kwamba kazi ya kutafuta ufa haiwezekani tena. Kila aliyeuliza kilichotokea alijibiwa na Katekista mwenyewe, kabla mtu mwingine hajasema.

"Ganda ilikuwa ya zamani," alisema. "Niliitumia mara nyingi sana. Makosa yangu."

Nilisimama miguuni pa kitanda nikimsikia akiyasema maneno hayo kwa padri, kwa majirani, kwa yule mzee wa shambani, ambaye alitikisa kichwa kama mtu asiyeshawishika. Nami nilinyamaza kila mara.

Nilipata kazi Columbus. Nilihama ndani ya mwezi mmoja. Mwanzoni nilipiga simu kila Jumapili, kisha Jumapili moja moja, kisha Krismasi. Furaha alipata kazi Buffalo akamchukua baba yake, na umbali ule mpya ukanipa kisingizio. Nilifanya zamu za ziada. Nilijiambia ana binti, hana haja nami. Ikapita miaka minne.

Januari ya mwaka huu Furaha alinipigia. Hakuwa na lawama, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulipokea.

"Figo zimechoka," alisema. "Wanamsafisha damu mara tatu kwa wiki, na sasa anasema hataki tena. Dada, anakuulizia. Anauliza kama barabara ya kwenu ina theluji."

Nilitoka Whitehall Ijumaa asubuhi. Baada ya mji wa Erie theluji ilikuwa nyingi, malori yalisimama kando, na nilifika Buffalo alasiri na vidole vimekufa ganzi. Furaha alinifungulia. Alikuwa amevaa sare ya kazini.

"Usishtuke," alisema. "Amekuwa mdogo."

Alikuwa mdogo kweli. Alikaa kwenye kiti karibu na kipasha joto, blanketi magotini, uso umegeukia mlango kwa upande wa jicho la kushoto. Nilimshika mikono, nikapiga goti moja kama tunavyowasalimu wazazi kwetu.

"Shikamoo, Papa."

"Marahaba, mtoto yangu. Umekonda."

Furaha aliondoka kwenda zamu, akatuachia wali na sombe, mboga ya majani ya mihogo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, maneno nimeyapanga. Nikasema yote vibaya, nikianzia katikati. Nikasema G na J. Nikasema simu mapajani. Nikasema usaili. Nilipofika kwenye faili, nikaanza kulia.

Alisubiri nimalize kulia. Kisha akasema, "Minajua."

Nilimtazama.

"Niliporudi kutoka hospitali nilifungua ile mashine. Jicho moja, na bado ilikuwa inalia machozi. Ruzizi iko. Lukuga iko. Malagarasi haiko." Alivuta blanketi. "Mutu gani mwingine alikuwa na ufunguo ya nyumba? Kama ungeiacha, ningeona ile herufi, ningesema ni mi nimeitaja vibaya. Na ni kweli, niliitaja Kifaransa. Lakini uliifuta. Njo nikajua unajiona umeniua."

"Mbona hukuniambia, Papa?"

"Nikuambie nini? Furaha angekuchukia. Alikuwa anatafuta mutu wa kuchukia." Alivuta pumzi. "Na kitabu ilikuwa pale kwa kabati. Sikuifungua ile siku. Juu ya vile weye ulikuwa umesoma."

Najua aliyasema hayo kunipunguzia mzigo. Hakujua yaliniingia vipi, au labda alijua.

"Nisamehe," nilisema.

"Nilikusamehe ile wiki. Ile haikunichukua muda." Jicho lake lilikuwa kavu, likiangalia sehemu ya ukuta iliyo nyuma yangu kidogo. "Nilikuwa nasikiliza mlango. Louisville, na hapa pia. Miaka ine, mtoto yangu. Hiyo njo sikuielewa. Jicho ni jicho. Lakini weye, ulienda wapi?"

Nilisema nilikuwa na aibu. Akaitikia kwa kichwa, kama vile nimemwambia nilikuwa na malaria.

"Bon," alisema. "Tia chakula. Inapoa."

Tulikula. Alikula vijiko vitatu, akaniuliza kazi yangu, kodi ya nyumba, kama nina mchumba. Nilimwambia yupo, fundi wa magari. Akauliza kama anachelewa kanisani, nikasema anachelewa, akasema basi atanifaa. Alicheka mpaka akakohoa. Nilibaki siku mbili. Jumamosi nilimkata kucha na kumnyoa ndevu, na yeye akalala sehemu kubwa ya mchana, nikakaa karibu.

Jumapili asubuhi nilipaswa kurudi, zamu yangu ilianza Jumatatu alfajiri. Alisisitiza kunisindikiza mpaka nje. Furaha alimkatalia, akasema kuna barafu. Akavaa koti juu ya pajama, akachukua fimbo, wala hakutusikiliza. Tulimshusha ngazi polepole, mimi mkono mmoja, Furaha mwingine. Furaha alikumbuka amemwachia kofia ndani, akarudi kuichukua, na mimi nikaenda kuwasha gari lililokuwa limeganda mwisho wa maegesho.

Nilipoligeuza, nilitokea upande wake wa kulia. Yeye alikuwa ametazama kushoto. Kulikuwa na gari lingine la kijivu kama langu, linarudi nyuma kutoka kwenye nafasi yake, na Katekista alikuwa ameinua fimbo juu, anapunga. Alipunga kwa mkono wote, kama watu wanavyowaaga wasafiri kambini siku ya basi. Aliyekuwa ndani ya gari lile, mwanamke mzungu nisiyemjua, alishusha kioo kidogo akampungia pia. Katekista akatabasamu, akasema kitu, nikaona mvuke ukitoka mdomoni mwake.

Sikupiga honi. Nilikaa na mguu kwenye breki, nyuma ya jicho ambalo halikuniona, nikasubiri mpaka akamaliza kuniaga.